Kisu cha Riziki

Jina lake lilinifikia kwa simu, Jumatano moja kabla ya saa sita, nikiwa nimekaa mbele ya nyumba yangu mtaani Ndosho na sinia la maharagwe mapajani. Sauti ya mwanamume nisiyemjua iliuliza kama mimi ndiye mama Kahindo, yule wa ngozi. Nikasema ndiye. "Miye ni Issa, mutoto ya mama Riziki," akasema. "Mama alifika juzi na boti, anatoka Bukavu. Iko kwangu hapa Himbi. Anauliza kama ungali na uhai." Nikamjibu kwamba bado ninao. Akacheka kwa adabu, akasema Jumamosi atatuma mtu wa pikipiki anifuate, kisha akaaga. Nikarudi kwenye maharagwe yangu, na ilipita muda kabla sijagundua kwamba nilikuwa natupa yaliyo mazima na kubakiza mawe. Ningependa kusema kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa aibu. Sivyo. Kitu cha kwanza kilikuwa wivu. Niliona wivu kwamba Riziki ana mtoto wa kiume mwenye sauti nzuri namna ile, anayeishi Himbi, mtaa wa kando ya ziwa, na anayelitamka neno "mama" kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike. Nina zaidi ya miaka sitini. Nilidhani ugonjwa ule ulikuwa umenitoka.

Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi kwenye madaftari yaliyobaki ya wajukuu wangu, mwaka ule niliuruka kusudi. Niliandika habari za kabla yake na za baada yake, na mtu anayesoma angedhani nililala miezi kumi na miwili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilifanya kazi kwa Mama Eliza, mwanamke wa Masisi aliyekuwa na uwanja wa ngozi hapahapa Ndosho, wakati Ndosho ilikuwa bado na nafasi na mtu anaweza kutandika ngozi ya mbogo juani bila kuziba njia ya jirani. Wawindaji wenye karatasi za ruhusa walimletea wanyama kutoka pande za msituni: mbawala, swala wadogo, mara chache mbogo. Sisi tuliwachuna, nyama ikachukuliwa na wenyewe, ngozi ikabaki kwetu. Tulizipaka chumvi, tukazikwangua, tukazitandika, na baadaye zikawa viti, mikoba na ngoma. Ngozi yenye tundu haikuwa na kazi. Hilo ndilo nililosikia kila siku kwa Mama Eliza, kuliko hata jina langu: "Angalia tundu, Kahi. Angalia tundu."

Kulikuwa na vyumba viwili vya mbao. Kimoja tulikiita chumba cha chumvi. Humo kulikuwa na giza na ubaridi, na harufu iliyoingia kwenye nywele na isitoke hata kwa sabuni ya kufulia. Kingine kilikuwa cha kazi, chenye meza ndefu na mlango mmoja mpana, na mbele ya mlango kizingiti cha jiwe jeusi la volkano, lenye matundu matundu na makali kama msasa. Mwanga ulikuwa mzuri pale mlangoni tu. Anayekaa pale ndiye aliyepewa kazi nyororo, migongo na shingo, na mimi nilikaa pale. Nilikuwa nimemtumikia Mama Eliza mwaka mzima na zaidi, hana binti, na watu wa mtaani walikuwa wameanza kuniita Kahi wa Eliza. Nililipenda jina hilo mno. Jumapili nikiimba kwaya parokiani nilikuwa naliwaza kuliko nilivyowaza maneno ya wimbo.

Kisha akaja Riziki. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, anaongea polepole. Baba yake, mtu wa Maniema, alikuwa amewachinjia watu mbuzi maisha yake yote, na sasa macho yalikuwa yamemkataa. Mama Eliza alimkaribisha kama alivyonikaribisha mimi: alimpa kigoda, akampa sahani ya bugali, akamwambia kwamba hapa kila mtu ana kisu chake na hakuna wa kuazima cha mwenzake. "Kesho tutaenda Birere kutafuta ya kwako," akamwambia. "Kahi naye atakuya. Anajua visu." Nilifurahi. Nilikuwa na kisu kirefu, cheupe, chenye ncha kama sindano na mpini wa plastiki nyekundu. Nilikichagua mwenyewe mwaka uliotangulia, dukani, kwa sababu kilikuwa kinang'aa kuliko vyote, na Mama Eliza siku ile alinitazama nikikichagua bila kusema neno. Niliuchukua ukimya ule kuwa sifa.

Soko la Birere asubuhi ile lilikuwa limejaa, na muuza visu, muzee mmoja mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo, alikuwa ametandaza vyuma vyake juu ya gunia. Mimi ndiye niliyetangulia kuinama. Nikaokota kirefu kimoja kinachofanana na changu, nikampa Riziki. "Kamata hii, haina mufano," nikamwambia. Alikipokea, akanishukuru, akakiweka chini. Kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa anauza mafuta ya mawese kando, akamwomba amdondoshee kidogo kiganjani. Tulimtazama wote. Akajipaka mawese mikono yote miwili, kama mtu anayetaka kujipaka mwilini, halafu akaanza kushika mipini mmoja baada ya mwingine na kuukaza. Uliomteleza aliuweka kando bila hata kutazama chuma chake. Kile changu kirefu kiliteleza cha kwanza. "Muko nafanya nini na bidhaa yangu?" muuzaji akalalamika. "Mukono ya kuchuna iko na mafuta siku yote, muzee," Riziki akamjibu. "Nitapanguza, usikasirike."

Vilibaki vitano. Akapitisha kidole gumba kwenye pua za visu, taratibu. Viwili vyenye ncha kali akavirudisha. "Hii itatoboa," akasema, na sikujua kama anamwambia muuzaji au anajiambia mwenyewe. Katika vile vitatu alitafuta tumbo, yaani ule mviringo wa makali karibu na mbele, ambao ndio unaolamba ngozi bila kuikata. Kimoja kilikuwa kimenyooka kama rula, kikaondoka. Cha pili alikitazama pale chuma kinapoingia kwenye mpini, akakipigapiga kwenye goti, akasikiliza. "Iko nacheza ndani. Chuma haikufika mwisho." Kikabaki kimoja: kifupi, hakizidi kiganja, cheusi, kipana, mgongo mnene ambao kidole cha shahada kinaweza kupumzika juu yake, mpini wa mti usiopakwa rangi. Kilikuwa kisu kibaya kuliko vyote vilivyokuwa kwenye gunia. Muuzaji mwenyewe aliona haya. "Hiyo ni ya zamani, mutoto yangu. Inashika kutu."

"Kutu inatoka," Riziki akasema. "Hii inayong'aa, mukiinoa asubui, saa sita imekufa, na kuirudisha ni kazi. Hii chuma inakubali jiwe."

Mama Eliza akacheka. Alicheka kwa sauti, akamshika Riziki bega, akasema, "Ee Mungu wangu, huyu mutoto ilikuwa wapi siku yote?" Nilisimama pale na kisu changu chekundu kwenye mkoba, nikakisukuma chini kabisa. Nimewahi kuwa na huzuni, na nimewahi kuwa na njaa. Wivu ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu mwenye njaa anaweza kusema ana njaa. Mimi nililazimika kutabasamu. Njiani kurudi nilibeba hata mzigo wa Riziki.

Miezi iliyofuata, wivu wangu ulikula kila kitu kilichowekwa mezani. Riziki hakula nyama ya wanyama wetu, kwa sababu haikuchinjwa na Mwislamu, na Mama Eliza alianza kumnunulia sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kutoka soko la Kituku, na kumkaangia katika sufuria yake ya pekee, iliyoning'inizwa kwenye msumari wake wa pekee. Sisi wawili tulikula mbawala kwa sombe, yale majani ya muhogo, nyama laini ambayo watu wangeitamani, na mimi nilikuwa natazama zile sambaza. Siku moja nikasema kwa kutania kwamba mimi pia napenda samaki. Mama Eliza akanisukumia sahani bila kugombana, Riziki naye, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, akasema, "Kula, yaya, ziko mingi," na nikala, na hazikuwa na ladha yoyote. Nilichotaka ni ile sufuria kwenye msumari.

Na kazi ilisema ukweli usiofichika. Ngozi zake zilitoka safi, nyeupe upande wa ndani, bila hata mkwaruzo. Zangu zilikuwa nzuri pia, lakini kila baada ya siku kadhaa ile ncha ilinisaliti, na kidoa cha mwanga kikaonekana mtu akiinua ngozi mbele ya jua. Ningeweza kununua kisu kingine. Ningeweza kwenda Birere peke yangu nikajipaka mawese mikononi. Sikwenda, kwa sababu kwenda kungekuwa kukubali. Badala yake nilinoa kile chekundu kwa hasira, mpaka kikawa chembamba. Siku moja Mama Eliza alituambia tubadilishane nafasi, Riziki akae mlangoni kwenye mwanga. Alisema ni kwa muda. Nikahamisha kigoda changu mwenyewe, kabla hajanihamishia yeye.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa chumba cha chumvi, nimeinama juu ya pipa, wakati papa mmoja, yaani mzee, mwenye duka la viti na mikoba alipokuja kuzungumza na Mama Eliza upande wa pili wa mbao. Hawakujua nipo. Alimuuliza: siku ukichoka, Eliza, tutamtafuta nani? "Ni huyu mudogo," Mama Eliza akasema. "Kahi iko na nguvu, iko na moyo ya kazi, namupenda kama mutoto. Lakini mukono yake iko na haraka. Riziki anasikia ngozi." Yule papa akasema kitu, wakacheka, wakatoka nje. Nilibaki nimeshika chumvi kwenye ngumi mpaka ikaanza kunichoma mahali nilipokuwa na vidonda. Namupenda kama mutoto. Kwa miaka mingi nilikumbuka tu ile nusu ya mkono wenye haraka. Sasa ndiyo naisikia nusu nyingine, na Mama Eliza ameshazikwa zamani.

Ngoma ndiyo iliyonimaliza. Parokia yetu ilitaka ngoma mpya kubwa, na kwaya yangu ndiyo ingeipiga. Mwindaji mmoja alikuwa amepata ruhusa ya mbogo, na ngozi ya tumbo na mbavu iliagizwa kwa Mama Eliza, komande maalumu ya parokia: itoke nzima, bila tundu, kipande kimoja. Nilikuwa na hakika ni yangu. Nilikuwa nimeshawaambia wanakwaya. Asubuhi ya siku ile Mama Eliza akafunga kitenge chake cha kazi, akasema, "Riziki atafungua tumbo. Kahi atavuta." Nikasema, "Mama, ni ngoma ya kanisa." Akasema, "Njo maana isitoboke."

Pikapu ya kumleta mbogo ilichelewa. Riziki alikaa akanoa kisu chake polepole, akakipitisha kwenye ukanda wa ngozi, akakifuta, akakilaza juu ya kitambaa mezani. Adhuhuri ikaingia. Akanawa kwenye beseni, akaenda nyuma ya mapipa katika chumba cha chumvi, ambako alikuwa na mkeka wake. Mama Eliza alikuwa barabarani akichungulia gari. Nilikisogelea kile kisu. Kwanza nilikijaribu mkononi mwangu, kwenye malaika, na kilinyoa kana kwamba hakuna kitu. Sikuwa nimewahi kukishika. Kilikaa kiganjani kama kilitengenezwa kwa ajili yangu, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Nilipiga magoti mlangoni nikayaburuta makali yake juu ya lile jiwe jeusi la kizingiti, mara tatu, kutoka mpini hadi pua. Nilisikia mlio wake. Nilikirudisha kwenye kitambaa, nikakigeuza upande ule ule kilivyokuwa. Ndani, Riziki alikuwa bado anasali. Nilitaka apasue ngozi mbele ya watu. Hicho tu. Nilitaka wote waone tundu.

Mbogo ni mzito, hatundikwi. Alilazwa chali juu ya majani ya migomba, watu wanne wakishika miguu, na wengine wa mtaani wakaja kutazama. Riziki alianza kifuani. Nilikuwa mkabala naye, nimeshika ukingo wa ngozi. Baada ya kuchora mara mbili aliinua uso, akanong'ona, "Yaya, kisu iko navuta. Unipatie jiwe." Jiwe la kunolea lilikuwa kwenye ndoo nyuma yangu, ningelifikia bila kusimama. Atakayesoma haya atataka kujua zaidi habari ya kizingiti. Mimi usingizini nasikia hili la pili. Nilimwambia, "Hapana, ni ngozi ya dume, iko nguvu. Jua iko nachoma, batu banangoja. Sukuma."

Akasukuma. Kisu chenye makali hufuata mkono. Kilichopoteza makali hukwama, na mtu akiongeza nguvu huruka kinapotaka. Kilikwama karibu na goti la mbele, akakaza, kikaruka, kikapita kwenye mkono wake wa kushoto, chini ya kidole gumba, mpaka ndani. Hakupiga kelele. Alikitazama kisu, si kidonda, akasema, "Sikukinoa muzuri." Mimi ndiye niliyevua kitambaa changu nikamfunga. Nilikaza kwa nguvu zangu zote na damu yake ikapita katikati ya vidole vyangu, ya moto. Mama Eliza akampandisha kwenye ile pikapu kumpeleka hospitali, na kabla mlango haujafungwa akanigeukia: "Maliza. Usiache iharibike."

Nilimaliza. Nilichukua kile kisu cheusi, nikakinoa kwa jiwe lile lililokuwa nyuma yangu, na kilirudi upesi, kilikubali jiwe kama alivyosema. Kisha nikachuna ngozi ya mbogo mzima, na katika maisha yangu yote sijawahi kuchuna vile. Kililamba. Kilipita pale ninapowaza tu. Ngozi ikatoka nzima, hata kidoa cha mwanga hakikuwepo, na watu wakapiga makofi. Naandika hili kwa sababu nimeapa kuandika yote: kwa dakika chache, na damu ya mwenzangu imenikaukia mikononi, nilikuwa na furaha.

Kano ya kidole gumba ilikuwa imekatika. Kidonda kilipona, kidole hakikukunjika tena. Mama Eliza aliporudi jioni alianza kufagia uwanja na kumwaga maji, na alipofika mlangoni ufagio ukasimama. Juu ya jiwe jeusi kulikuwa na mistari mitatu ya chuma, inang'aa. "Nani alinoa kisu hapa?" akauliza. "Sijue, mama," nikasema. Akaitazama ile mistari, akanitazama mimi, akaendelea kufagia. Wiki mbili baadaye, Riziki alipokuja kuaga, Mama Eliza alilia mbele yake. Riziki alipoondoka, Mama Eliza akajipangusa macho akaniambia, "Kahi, kazi ni yako. Sina mwengine." Nilikaa naye miaka tisa baada ya hapo. Hakunitukana wala kuninyima chakula. Lakini hakunifundisha tena neno hata moja, na hakuniambia tena niangalie tundu.

Siku ngoma ilipobarikiwa, padri aliwaomba waumini wamkumbuke yule binti wa jirani zetu Waislamu aliyeumia kwa ajili yake. Kanisa zima likamwombea Riziki. Hakuna aliyemtaja aliyeichuna ngozi. Nilisimama katika safu ya kwaya, na nikawa na wivu juu ya kidonda chake.

Nilimtembelea mara moja, kwao, kwenye chumba chenye mikeka na pazia la maua. Mama yake alinipa chai ya tangawizi na akanishukuru kwa kumfunga mwanawe damu isimwishe. Riziki alinipa kile kisu, alichokichukua siku ya kuaga, kwa mkono wa kulia. "Chukua, yaya. Miye sitaiweza tena." Nilichukua. Nilikitumia mpaka makali yakaisha. Yeye aliolewa Bukavu mwaka uliofuata.

Jumamosi pikipiki ilinishusha Himbi mbele ya lango la bluu. Alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, mnene sasa, mzuri bado, miwani imening'inia kifuani, na wajukuu wawili wa kike miguuni pake. Tulikumbatiana kwa muda mrefu. Mke wa Issa alileta chai ya maziwa na sambaza za kukaanga, na kila Riziki alipoinua kikombe mtu mmoja alinyoosha mkono kukishika chini, bila kuambiwa, kwa mazoea. Hata hilo nililionea wivu. Mimi vidole vyangu vyote kumi vinakunjika, na hakuna anayenishikia kikombe.

Tuliongea habari za waliokufa na walio hai. Kisha mjukuu mkubwa akaanza kumenya embe kwa kisu cha jikoni, na Riziki akamnyang'anya palepale. "Nilikuambia nini?" akasema kwa ukali. Akanigeukia akicheka kidogo. "Hawa batoto banachoka na hadisi yangu. Yaya Kahindo, weye njo ulikuwa pale. Ubaambie vile bibi yao alikuwa muzembe. Nilikuwa msichana mwenye kuringa, nikakaa kunoa kisu huku nawaza mambo mengine, halafu mukono ukapotea. Tangia siku ile siamini mukono yangu. Batoto yangu bote, sikuwaogesha hata mumoja, niliogopa kuwaangusha. Kushona nilikataa. Kukata kitunguu, nilikataa mbele ya bakwe yangu. Mama mukwe aliniita muvivu mpaka akakufa. Ubaambie, balisikie kwa mutu mwengine."

Wale watoto walinitazama. Issa naye, mlangoni, alinitazama kwa tabasamu. Nilikuwa nimekuja na maneno mengine kabisa; yale ya kuomba msamaha nilikuwa nimeyawekea siku nyingine, labda nikiwa mgonjwa. Nikasema, "Riziki, tafadhali, tubakie wawili." Wakatoka. Nikamwambia. Nilimwambia habari za chumba cha chumvi na maneno niliyoyasikia, za mkeka wake, kizingiti, mara tatu, jiwe ndani ya ndoo. Sikulia, niliona sina haki hiyo. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anaupapasa ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, na nilipomaliza chai ilikuwa imeshika utando juu.

"Basi nilikuwa nimeinoa muzuri?" akauliza.

"Ulikuwa umeinoa muzuri. Niliijaribu kwa mukono yangu. Ilinyoa."

"Ilinyoa?"

"Ilinyoa, Riziki. Sijaona tena kisu iliyonolewa vile."

Nilingoja aniulize kwa nini. Nilikuwa nimeliandaa jibu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakuuliza. Alivaa miwani, akaitoa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akainuka, peke yake, bila kumshika mtu, akaenda mlangoni na kuita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Issa! Mukuye bote!"

Wakaingia: Issa, wajukuu wawili, na jirani mmoja aliyekuwa uani. Riziki alirudi akakaa wima kwenye kochi. "Baambie," akaniambia. "Si ile ya kizingiti, ile nitabaambia miye mwenyewe, siku nikipenda. Baambie ya kisu tu."

Nikasimama mbele yao. Nikasema kwamba siku ile bibi yao alikuwa amekinoa kisu chake vizuri sana, kwamba hakuwa na kosa lolote, na kwamba nilikishika mwenyewe na ninajua. Wajukuu wakamgeukia bibi yao. Issa akanitazama mimi, na tabasamu lilikuwa limeondoka usoni mwake. Mke wake akatokea mlangoni akijipangusa mikono, akauliza kuna nini.

"Rudia, yaya," Riziki akasema. "Huyu alikuwa jikoni, hakusikia."

Nikarudia.